Okidi yangu imechanua tena, na sio kwa mbolea

Wale mlosema okidi ikishamwaga maua ya dukani ndo basi tena, njooni sebuleni kwangu muone. Ushauri nimepewa mpaka nikachoka. Mmoja eti niweke vipande vya barafu kila wiki, jamani okidi hii yangu, wanayoiita Phalaenopsis, asili yake misitu ya joto huko Asia, barafu uliijulia wapi? Mwingine, tena muuza maua kabisa, kanikomalia niupande kwenye udongo na samadi, wakati huu kwao unakaa juu ya miti, mizizi inataka hewa, ukiifukia inaoza. Mbolea nayo niliweka ikanipa majani tu, makubwa yanang'aa, ua hakuna.

Kumbe kinachouamsha ni ubaridi, wiki kadhaa usiku ushuke kwenye nyuzi 16 au 18 hivi na mwanga wa kutosha usio jua kali. Sasa Dar baridi hiyo utaitoa wapi? Nikaanza na AC. Kila usiku okidi inalala chumbani kwetu, rimoti kwenye 18, mume wangu na mimi tumejifunika blanketi mpaka masikioni, yeye analalamikia mafua, mimi namwambia vumilia baba, maua yanakuja. LUKU ikawa inakata katikati ya usiku, hela yake sitaki hata kuikumbuka. Mwisho rimoti ikapotea, na aliyeipoteza anajifanya hajui.

Basi Juni nikaipakata kwenye basi mpaka Lushoto kwa shangazi, kule milimani kwenye baridi ya bure. Nimeifunga khanga, konda ananiambia mzigo unaenda buti, namwambia huyu ni mgonjwa, abiria wakacheka nikaachiwa. Shangazi kufungua khanga, "Mwanangu, umetoka Dar yote hiyo kuniletea jani?" Nikamwonyesha dirisha la jikoni, nikamwambia mizizi ikiwa ya kijivu amwagilie, ikiwa kijani aache, na asiache maji yatuame katikati ya majani. Halafu nikapita kwa wapasua mbao nikaokota magome ya mipaini, bure kabisa, nikayavunjavunja nikayaloweka, ndo nikaipandia humo kwenye kopo la aiskrimu nililotoboa kwa msumari wa moto. Kopo liwe linaonyesha ndani, utaona mizizi bila kufukua.

Agosti shangazi kapiga simu, "jani lako limeota pembe." Nikamwuliza ncha ikoje, maana mzizi mpya ncha yake ni butu, ya maua imechongoka na ni bapa kidogo. Imechongoka! Nikaifuata ilipofika urefu wa kiganja, nikaiegemeza kwenye kijiti, na tangu vitumba vitokee sijaigeuza wala kuihamisha, maana ukiihangaisha inavimwaga.

Leo imefungua maua saba na vitumba bado. Mume wangu anawaambia wageni ni ile AC. Shangazi naye anasema mwakani nikiipeleka niende na ya kwake, la sivyo dirisha halipo.