Sekunde tatu

Leo asubuhi, hapa Mtwara, nimekaa na wanafunzi watano wa uzamili ambao wiki ijayo wataanza kuongoza semina za mwaka wa kwanza, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kusimama mbele ya darasa.

Nilimtaka kila mmoja afundishe dakika 10 mbele ya wenzake. Somo walilijua, slaidi zilipendeza, pengine kupita kiasi.

Wa tatu aliuliza swali zuri kuhusu bei ya korosho, kisha akalijibu mwenyewe kabla hatujavuta pumzi.

Nikamweleza kwamba Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alibaini katika miaka ya 1970 kuwa walimu husubiri jibu kwa takriban sekunde moja tu, na kwamba wakisubiri tatu au zaidi, majibu huwa marefu na wanaojitokeza kujibu huongezeka.

Akarudia swali.

Akanyamaza.

Mimi niliyekaa pembeni niliviona vidole vyake vikihesabu nyuma ya mgongo, moja, mbili, tatu, hata kipande cha chaki kikamvunjikia mkononi.

Ndipo mwenzake mmoja, aliyekuwa kimya tangu tuanze, akajibu.

Ninyi mlioanza kufundisha mkiwa bado wanafunzi, ukimya wa kwanza darasani mliuvumiliaje?