Laini Isiyo na Kosa Ilikuwa Ikizimika

Wiki tatu za masika mafundi wetu wa doria waliifuata laini ile ya kilovolti 33 nguzo kwa nguzo, wakitafuta kikombe cha kuzuia umeme usishuke kwenye nguzo kilichopasuka au tawi lililogusa waya. Hawakuona kitu. Tukirudisha umeme, unakaa. Radi ikipiga, unakatika tena, na zahanati inabaki gizani.

Kituo chetu kiko Nyanda za Juu Kusini na hutoa laini mbili. Hiyo yenye shida, ya kwanza, kilomita 20 mbele imeungwa na mtambo mdogo wa maji unaoiuzia gridi umeme. Wote tuliulaumu mtambo, mpaka nilipokuta tukio la usiku ambao turbini ilikuwa imesimamishwa kwa matengenezo. Jenereta haizunguki, laini imezimika vilevile!

Nikarudi kwenye rekodi za rilei, vifaa vinavyopima mkondo wa kila laini na kuamuru ikatwe ukizidi. Kwanza nilisawazisha saa zao, maana zilipishana kwa sekunde 40, na kwa tofauti hiyo huwezi kujua kilichotangulia. Zilipooana, nikaona kwamba kila laini ya kwanza ilipozimika, ya pili ilikuwa na hitilafu ya ardhi, yaani waya uliogusa ardhi, wakati uleule. Kisha nikafungua michoro ya mkondo. Waya mmoja ukigusa ardhi mbele ya rilei, fezi moja, yaani mkondo wa waya huo kati ya nyaya tatu za laini, ndiyo hupanda. Hapa zote tatu zilipanda pamoja na kushuka pamoja, mawimbi yamelaliana kana kwamba ni waya mmoja. Nilikaa kimya mbele ya mchoro ule kwa muda mrefu.

Ilikuwa transfoma ya mtambo. Upande wa kilovolti 33 imefungwa nyota: koili tatu zinakutana kwenye nukta moja, nyutro, nayo imeunganishwa na ardhi. Upande wa jenereta ni delta, koili zimefungwa pembetatu. Transfoma ya namna hiyo haihitaji jenereta izunguke. Maadamu imeungwa na laini, waya ukigusa ardhi kwenye laini ya jirani, mkondo hupanda kwa nyutro yake, hurudi kituoni kwa fezi zote tatu, ukaifuata hitilafu kule ilipo. Rilei yetu ilipima ukubwa tu, haikujua mkondo unatoka au unarudi. Iliwekwa ampea 30 na sekunde 0.2, ilhali ya laini ya pili ilisubiri 0.4. Laini isiyo na kosa ndiyo iliyokatwa kwanza.

Mwenzangu alishauri tuifungue nyutro. Nilikataa. Siku mtambo ukibaki peke yake bila gridi na waya mmoja ukagusa ardhi, volti za fezi mbili zilizobaki kwa ardhi zinaweza kufika mara 1.73 ya kawaida, na vifaa vya watu vitaungua. Rilei yenyewe ilikuwa na kipimo cha mwelekeo ambacho hakijawahi kuwashwa, kwa sababu hakuna aliyeileta volti ya kukilinganishia. Tukavuta waya kutoka transfoma ya kupimia volti ya basibaa, upau wa kituo unaolisha laini zote mbili, tukakiwasha kipimo, tukaijaribu rilei kwa mkondo wa kwenda na wa kurudi.

Mvua iliyofuata, laini ya pili ilizimika mara mbili usiku mmoja. Zahanati ilikuwa na umeme mpaka asubuhi.