Usimlaani Kiziwi

Neno la wiki: Walawi 19:14

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimekaa na maneno mawili tu: "Usimlaani kiziwi." Nikajiuliza, laana asiyoisikia itamdhuru nini? Ndipo nikamkumbuka Ed Dundon.

Alikuwa mrushaji wa besiboli, mchezo ambao mmoja hurusha mpira na mwingine huupiga kwa gongo, huko Columbus, Ohio, Marekani. Alisoma shule ya viziwi mjini humo, na mwaka 1883 timu ya Columbus ikamchukua. Akawa kiziwi wa kwanza kucheza ligi kuu za mchezo huo. Msimu wa kwanza ulikuwa mchungu: alishinda mechi 3, akapoteza 16. Uliofuata alishinda 6, akapoteza 4, na ligi kuu ikaishia hapo kwake. Si habari ya kujengewa sanamu. Lakini walimbandika jina "Dummy", yaani Bubu, na mpaka leo kwenye kumbukumbu za mchezo utamkuta hivyo: Bubu Dundon. Jina alilopewa na wazazi wake limemezwa.

Oktoba 1886, mjini Mobile, Alabama, alisimama kuwa mwamuzi. Na mwamuzi wa besiboli kazi yake ni kupaza sauti! Yeye alitumia vidole: vya mkono wa kulia kuhesabu mipira ambayo mpigaji ameikosa, vya kushoto kuhesabu iliyorushwa vibaya. Akitikisa kichwa, mchezaji bado yumo. Akipunga mkono, ametoka. Siku hiyo wenye masikio ndio waliolazimika kumtazama Bubu.

Alifariki 1893, akiwa na miaka 34.

Soma pia Luka 1. Zakaria alipofungwa kinywa, watu walimwashiria, naye akataka kibao, wakangoja aandike. Hakuna aliyembadilisha jina. (Labda kwa kuwa alikuwa kuhani. Sisi huchagua wa kumheshimu.)

Kanisani kwetu yupo kijana kiziwi, hukaa nyuma karibu na spika kubwa. Miaka yote tumemwita "yule bubu", mimi nikiwamo, tena mbele ya mama yake. Jumapili iliyopita ndipo nilipomuuliza mama jina la ishara la mwanawe, yaani ishara ya mkono anayoitwa nayo. Akagusa shavu mara mbili kwa kidole, pale kijana anapobonyea akicheka.

Ibada ilipokwisha, nikamfanyia ishara hiyo mlangoni. Aligeuka nyuma kwanza, akidhani namwita mtu mwingine.