Ua la dirishani Hamburg, jiwe la Zigi

Kwa miaka 11 nilimwagilia ua moja kwenye dirisha la bibi mmoja niliyekuwa namhudumia Hamburg. Kila Jumatatu maji kidogo kwenye kisahani, na majani yasilowe, alilisisitiza hilo sana. Wajerumani wanaliita Usambaraveilchen. Siku alipojua kwetu ni Muheza, chini ya milima hiyohiyo ya Usambara, aliniuliza huko porini linaotaje. Sikuwa na jibu. Nimezaliwa pale na sikuwahi kuliona.

Jumamosi nimekwenda kulitafuta. Basi la Muheza kwenda Amani lilinishusha Zigi, kwenye geti la hifadhi, pale reli ya Wajerumani ilipokuwa ikiishia. Mjomba alikuwa ananisubiri.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Ingiza suruali ndani ya soksi, siafu wametoka."

Tukashika kijia cha kupanda. Harufu ya majani yaliyooza na mvua ya jana ilinishika koo. Hiyo sikuipata popote Ulaya, hata kwenye misitu yao mizuri. Juu yetu hondohondo walipita, mabawa yakivuma kama mtu anayepepeta mchele. Mjomba aliniambia ndege hao ndio wanaosambaza mbegu za mihesi, mti ulioletwa na watu, usio wa msitu huu, na sasa umejaa kila palipowahi kukatwa. Kila tulipoupita aliugonga kwa fimbo. Lakini mvule, au msambu wenye matunda mazito, aliugusa kwa kiganja.

Tulipita pia mahali nilipopakumbuka. Bibi mzaa mama alikuwa na iliki zake chini ya miti, kabla eneo halijawa hifadhi mwaka 1997. Mwanzoni sikuamini ni penyewe, pamefunga kabisa. Nilisimama pale kitambo. Najua kina mama waliopoteza fedha ya karo kwa ajili ya kivuli hiki, na bado nafurahi kimebaki. Yote mawili yamo moyoni mwangu, wala silazimiki kuchagua moja.

Ua lenyewe lilikuwa kando ya kijito, kwenye jiwe lenye ukoga wa kijani, upande usiofikiwa na jua. Dogo kuliko la dukani, zambarau iliyopauka kidogo, mizizi imeng'ang'ania udongo usiojaa hata kijiko. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani hapa Tanga, ndiye aliyepeleka mbegu zake kwao, na ndipo dunia ikalijaza madirishani. Huku kwenye asili yake limebaki kwenye mawe kama haya. Mti wa juu ukianguka, jua likilifikia jiwe, linakauka. Na kijito hiki kinaingia mto Zigi, unaojaza bwawa la Mabayani, ambalo Tanga mjini wanalinywa bila kujua linakotoka.

Nilinyoosha mkono nikauvuta nyuma. Mjomba hakuwa na haja ya kunikataza.

Nilimpigia bibi wa Hamburg picha moja. Juu ya jiwe kulikuwa na upenyo, na maji yalidondoka tone kwa tone juu ya yale majani niliyoyakinga yasilowe miaka 11. Ua lilikuwa limechanua.