Wakala wa Siku Moja

Ijumaa, 9 Agosti 2024

Siku tano zimepita na bado nayasikia maneno ya Ami.

Wiki yenyewe haikuwa ndogo: mama katolewa mtoto wa jicho, binamu yangu kaposwa, na jana mawaziri wameapishwa Nairobi huku vijana wako barabarani na maandamano yao ya Nane Nane. Lakini kichwa changu kimebaki pale pale kibarazani, Jumapili baada ya chakula, Ami kajinyoosha mkekani na mimi naosha sinia.

Redio ilikuwa inawataja wale wanne wa chama chetu, ODM, walioteuliwa kuwa mawaziri. Joho na Oparanya, naibu viongozi wote wawili. Mbadi, mwenyekiti. Wandayi, kiongozi wa wachache bungeni. Nikamuuliza, wallahi bila shari, "Ami, sasa serikali ataiuliza maswali nani?"

Akasema Pwani imekaa nje miaka na miaka, leo mtoto wa Mombasa, Joho, amepewa wizara ya bahari na madini, mimi badala ya kushukuru nauliza maswali. Nikamwambia, "Lakini wizara hiyo hiyo alikuwa nayo Mvurya, naye ni wa Kwale. Pwani tulikuwa nayo tayari, Ami. Yeye kahamishiwa Biashara, wetu kakalishwa pale. Kilichobadilika ni rangi ya chama."

Hapo ndipo aliponigeukia. Hakupandisha sauti.

"Mwanangu, chama wewe hukijui. Wewe ulikuwa wakala wa siku moja."

Mnakumbuka, niliwaandikia humu usiku ule ule wa uchaguzi wa 2022, nilipokuwa wakala wa chama wa kulinda kura. Leo ni miaka miwili kamili. Nilikuwa kituoni tangu saa kumi na moja alfajiri hadi saa nane usiku, natazama karatasi moja moja ikiinuliwa juu, nikatia sahihi fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kituo, na vidole vimekufa ganzi. Kisha kura ya gavana ikawa imeahirishwa hapa Mombasa na kule Kakamega kwa makosa ya karatasi za kura, tukarudi tena tarehe 29. Siku mbili. Nimejibu hivyo moyoni mara mia: nikikuna nazi, nikiwa kwenye matatu, nikisahihisha madaftari ya darasa la sita. "Siku mbili, Ami." Mdomoni halikutoka. Nilisuuza sinia nikaingia ndani.

Na kilichoniuma si hesabu peke yake. Yeye ni chungwa tangu kura ya maoni ya 2005, chungwa lilipokuwa alama ya waliopinga rasimu ya katiba, na kila nikisema neno juu ya Rais Ruto hunikumbusha kwamba mwaka ule naye alikuwa chungwa, tena 2007 aliketi kwenye Pentagon, lile kundi la viongozi wa juu wa ODM, pamoja na Raila. Kwake yeye hawa ni watu wa nyumba moja waliokosana na sasa wanapatana. Mimi sioni hivyo. Katiba yetu, kifungu cha 152, inasema waziri asiwe mbunge. Kwa hiyo Wandayi kaacha kiti cha Ugunja, na Mbadi kaacha chake. Wametoka upande ule wa bunge ambao kazi yake ni kuibana serikali, wakaingia ndani ya serikali yenyewe. Kura niliyoilinda usiku kucha niliilinda ili kuwe na watu upande ule. Tarehe 25 Juni vijana waliingia bungeni kwa sababu waliona hakuna wa kuwasemea, na wengine wameuawa. Baraza la mawaziri likavunjwa 11 Julai. Kabla mwezi haujaisha, majina ya chama chetu yakasomwa kwenye orodha mpya, na nyumbani kwetu watu wakapongezana. Nilishindwa kupongeza. Mpaka leo siwezi.

Jana baada ya isha Ami alikuja kumtazama mama. Kaleta madafu manne, kakaa kwenye kiti chake cha siku zote. Kwenye runinga wakaonyesha kiapo. Nilimtazama yeye, si runinga. Hakusema lolote, hata Joho alipotokea. Habari zilipokwisha akaniuliza, "Ile kadi yako ya uwakala unayo bado?"

Nikaitoa kwenye mkoba wa vyeti. Akaisogeza kwenye taa, akaitazama mbele na nyuma, kidole gumba kikipita juu ya jina langu.

"Usiku wa kwanza chai ilipoa yote," akasema. "Wa pili mlitoka mapema."

Akanirudishia.

Nilikuwa nimesahau kabisa. Ni yeye aliyenisubiri nje ya lango la shule, mara zote mbili, na ile chupa ya chai ya tangawizi na mahamri kwenye kitambaa. Wa pili! Kasema mwenyewe wa pili. Nilikwenda jikoni kupasua dafu na nikasimama huko kidogo mpaka macho yakakauka. Swali langu hakulijibu, nami nitamuuliza tena, labda Jumapili hii, lakini usiku wa jana nimelala.

Ila jicho la mama. Waliotibu ni la kulia, na hilo linaendelea vizuri, dawa ya matone tunamtia kwa saa. Tangu asubuhi linalotoa machozi ni la kushoto, na yeye anasema ni upepo tu.