Gadi na Kapteni

Desemba 1992 shangazi alishuka stesheni ya Tabora akitokea Dar, na mzigo ameufunga kwa khanga mbili. Ndani mlikuwa na deki ya video, na chini yake kanda mbili za filamu moja, maana filamu yenyewe ni ya karibu saa tatu. Siku hizo Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni. Seti tuliiazima kwa jirani, akaja nayo pamoja na familia yake nzima.

Baba alikuwa gadi wa treni, njia ya Mwanza. Kipenga chake kilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, na nyumbani maneno yake yalikuwa machache: kuleni, someni, laleni. Jioni ile alikuwa zamu ya mapumziko.

Filamu ilikuwa The Sound of Music, ya mwaka 1965. Shangazi alitafsiri, akiruka pale Kiingereza kilipomshinda. Kapteni von Trapp alipopuliza kipenga ili wanawe saba wajipange mstari, sote tuligeuka kumtazama Baba. Hakuna aliyethubutu kucheka mpaka alipocheka yeye, hata chai ikammwagikia mapajani.

Kisha ikaja ile sehemu. Kapteni ametoka kumfokea Maria, mlezi wa watoto wake, nje, amemwambia afungashe aondoke, mara anasikia sauti kutoka ndani. Anaingia polepole. Ni wanawe wanaimba, naye hakujua kabisa kwamba wanajua kuimba. Anasimama mlangoni, kisha anajikuta anaimba nao.

"Rudisha hapo," Baba akasema.

Shangazi akarudisha. Ilipokwisha akasema tena, "Hebu rudisha, dada." Mara ya tatu Mama aliacha kutazama kioo, akamtazama yeye.

Ukubwani nilikuja kujua kwamba sauti ile si ya Christopher Plummer, aliyeigiza Kapteni. Nyimbo zake aliimbiwa na mwimbaji Bill Lee. Haikunipunguzia kitu. Uso ni wake, uso wa mzazi anayegundua kwamba kuna mengi yamempita chini ya paa lake mwenyewe, na huo hauazimwi. Wapo wahakiki walioiona filamu hii tamu kupita kiasi tangu ilipotoka. Wakae na dakika zile chache. Nimeitazama na wanangu, watoto wa enzi ya simu, ambao hawamalizi kitu bila kubonyeza mbele. Walipofika hapo walitulia tuli, na mdogo akasogea akaniegemea.

Usiku ule wa Tabora tulifika mwisho saa tano na kitu. Familia inawakimbia Wanazi, inapanda milima kwa miguu, Kapteni amembeba binti yake mdogo mgongoni. Majirani wakapiga makofi. Baba alikunja uso.

"Watoto wote hao milimani? Si wangepanda treni?"

Tulicheka sana, lakini yeye aliuliza kwa dhati, kama mtu wa reli.

Alifariki 2006. Miaka kadhaa baadaye nikasoma historia ya familia yenyewe, wale von Trapp wa kweli. Mwaka 1938 hawakuvuka mlima wowote kwa miguu. Walitoka nyumbani kwao Salzburg, Austria, na mizigo yao, wakapanda treni kwenda Italia.