Miwani ya VR ya laki nne na nusu: ninunue ama nitulie?

Apple Vision Pro, miwani ya VR ya kuvaa usoni inayokuingiza ndani ya dunia ya kompyuta kana kwamba uko huko, ilipotoka Februari 2024 bei yake ilikuwa dola 3,499, na ukipiga kwa shilingi 129 unapata kama laki nne na nusu, hapo hujaweka kodi ya huko Marekani wala ushuru wa huku wala VAT ya 16%. Meta Quest 3 yenyewe ilitoka Oktoba 2023 ikianza na dola 499, yaani elfu sitini na nne hivi. Moja ni mara saba ya nyingine. Sasa mimi siulizi kama ile ya ghali ni nzuri, ni nzuri bwana, hakuna anayebisha. Nauliza hizo mara saba nitazionea wapi nikiwa nimekaa kwenye nyumba ya mawe hapa mtaa wa Mkomani, Amu (Lamu), kwa mambo ambayo kweli nitayafanya.

Nauliza kwa sababu nina binamu yangu Marekani anakuja Amu kwa Maulidi inshallah, na ametuma voisi eti niseme nataka nini, hata hiyo ya Apple atanibebea, pesa ntamlipa pole pole. Mtu akikwambia hivo usingizi unakatika. Nkamwambia nipe siku mbili tatu nifikirie.

Tuanze na macho manake ndo kitu unacholipia. Vision Pro ina pikseli, yaani zile nukta ndogo za picha, milioni 23 kwenye skrini zake mbili ndogo, na wanaopima wanasema inakupa kama pikseli 34 kwa kila digrii ya unachokiona. Quest 3 ni kama 25. Jicho zima la binadamu linaweza kutofautisha mpaka kama 60, kwa hivyo zote mbili bado hazijafika, ila tofauti unaiona ukisoma maandishi. Rafiki yangu wa Langoni ana Quest 3, nimeivaa kwake mara nyingi, na ukifungua ukurasa wa habari herufi ndogo kingo zake zinachezacheza, unajikuta unasogeza kichwa mbele vile wazee wanavosoma dawa. Kwenye gemu hulioni hilo kabisa, uko bize kukata maboksi na panga za mwanga. Halafu kitu ambacho watu hawakisemi sana, Quest 3 inakuonyesha upana zaidi, kama digrii 110, ile ya Apple ni nyembamba kidogo. Umelipa mara saba na dirisha limepungua.

Lakini hesabu iliyonifumbua macho ni ya video. Pale kwa rafiki yangu tulimvisha nyanya yake video ya digrii 360 ya Makka, Haram kabisa, watu wanatufu. Wallahi yule mama alishika mdomo, akanyamaza, akawa anageuza kichwa pole pole akitafuta mnara, kisha akasema "mbona watu wana ukungu?" Na alikuwa na haki. Video ya 4K ina upana wa pikseli 3,840, ukiizungusha duara zima la digrii 360 kila digrii inapata kama pikseli 11 tu. Hata 8K inakupa kama 21. Sasa Quest 3 inaweza kuonyesha 25 na Vision Pro 34, zote zinangoja video ambayo haina hizo pikseli, kwa hivyo yule nyanya angevaa ya laki nne na nusu ukungu ungekuwa pale pale. Apple wana video zao wenyewe za digrii 180 zimepigwa kwa kamera maalum, hizo zinatoka safi sana, ila ni chache na nyingi ni fupi, ukizimaliza umezimaliza. Baada ya dakika chache nyanya aliivua mwenyewe, akasema ni nzito, akaomba kahawa.

Uzito nao si mchezo. Quest 3 ni gramu 515. Vision Pro ya kwanza ilikuwa gramu 600 mpaka 650, na betri yake iko nje kabisa, unaivaa mfukoni na waya, gramu nyingine 350 hivi, na bado inakupa kama saa mbili tu. Ile mpya ya Oktoba 2025 yenye chipu ya M5 imeongezwa mkanda mzuri zaidi lakini ikapanda mpaka gramu 750 na juu. Sasa vaa hiyo mwezi wa pili, kaskazi imekaza, stima imekatika feni imesimama. Hata Quest ya rafiki yangu ikifika hapo sponji ya usoni inalowa jasho, lenzi zinaota mvuke, unaona dunia nzima kwa kitambaa cheupe mpaka uivue uipepee. Kuna vifuniko vya silikoni vya kuvisha ile sponji, hivyo ni vya lazima ukikaa pwani, usinunue bila hivyo.

Kisha kuna chumba. Hii ndo sehemu watu wa YouTube hawawezi kukusaidia manake wao wana sebule zao za kucheza mpira. Meta wanashauri uwe na nafasi wazi ya mita mbili kwa mbili angalau kama unataka kutembea ndani ya gemu. Nyumba zetu za zamani vyumba ni virefu na vyembamba, kwa sababu dari limebebwa na boriti za mkoko na boriti ina mwisho wake, kwa hivyo upana unakuwa mita mbili na nusu, tatu ukibahatika. Weka kitanda, weka sanduku la mama, imebaki nini? Pale Langoni nshagonga ukuta wa matumbawe kwa vifundo vya mkono, na yule ukuta hauna huruma hata kidogo, kontrola ikabaki na mkwaruzo mpaka leo. Lakini kuna raha moja nliigundua, hizi miwani zinajua ziko wapi kwa kutazama chumba kwa kamera zake, na ukuta mweupe mtupu unazichanganya kwa sababu hazina cha kushika. Chumba chenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na nakshi za plasta kinazifurahisha. Mafundi wetu wa zamani walitengeneza nyumba za VR bila kujua.

Kwenda kiwandani, yaani uani, ama juu darini unasema basi nitacheza huko kuna nafasi? Mchana usijaribu. Lenzi zinakusanya jua na kulipeleka moja kwa moja kwenye skrini, muda mfupi tu linachoma doa ambalo halitoki. Hata kuiacha juu ya meza karibu na dirisha la jua ni hatari. Usiku kamera hazioni kwa giza, na darini kwetu ukingo ni mfupi, unapigana na mazombi huku nyuma yako ni ghorofa mbili. Hapana asante.

Kichefuchefu nacho bei haikitibu. Mimi nimekulia kwenye mashua, nshavuka kwenda Kiunga kusi imechafuka na sikutapika, lakini gemu moja ya kukimbia kwa kusukuma kile kijiti cha kontrola ilinilaza chini. Baharini mwili unatikisika na macho yanaona mashua imetulia, kwenye VR ni kinyume, macho yanakimbia na mwili umesimama, ubongo unakasirika. Skrini yenye kasi inapunguza kidogo, lakini dawa ni kuchagua gemu ambazo unasimama pale pale ama unaruka kutoka sehemu hadi sehemu, na kuacha mara tu kichwa kikianza kuwa kizito, usijikaze kiume.

Haya, kazi. Mimi nafanya matangazo na menyu za nyumba za wageni, na nlikuwa najidanganyadanganya kwamba Vision Pro itakuwa skrini yangu kubwa ya kazi, ukutani mita mbili, bila kununua skrini. Ni kweli inafanya hivo na inafanya vizuri mno, lakini kwa njia yake yenyewe inataka Mac, kompyuta ya Apple. Laptopu yangu ni Windows. Kwa hivyo laki nne na nusu inakuwa laki sita, na skrini ya kawaida nzuri ya inchi 27 naipata Mombasa kwa bei ya kawaida na inaletwa na basi mpaka Mokowe, na mteja akija tunaitazama wote wawili.

Na ikiharibika? Mafundi wetu wa simu Usita wa Mui, barabara kuu ya mji, nawaheshimu, wanafufua simu zilizotoka baharini, lakini hiki si cha kufungua. Vision Pro ilipotoka Apple wenyewe walitangaza kioo cha mbele kikipasuka bila bima ni dola 799, uharibifu mwingine 2,399. Hiyo ya kioo peke yake ni zaidi ya bei ya Quest 3 mpya. Na utaipeleka wapi, Kenya haiuzwi rasmi, hata duka lake la apu linataka akaunti ya nchi inakouzwa. Juu ya hapo ile sehemu ya usoni inapimwa kwa sura ya mwenyewe, na kama unavaa miwani ya macho inabidi ununue lenzi zake maalum za Zeiss. Sura ya binamu yangu si sura yangu, yeye ana pua ya kwao Siyu.

Kitu cha mwisho kilichonifanya nitulie ni vile hizi za ghali zinavyoanguka. Meta Quest Pro ilitoka Oktoba 2022 kwa dola 1,500, Machi 2023 ikawa 1,000, haikufika hata nusu mwaka, na sa hizi wameacha kuiuza. PlayStation VR2 ilianza 550 ikashuka 400. Galaxy XR ya Samsung ikatoka Oktoba 2025 kwa 1,799, yaani nusu ya Apple, na skrini zake ni kali pia. Anayenunua ya juu kabisa analipia miaka ya mbele ambayo wengine wataipata kwa bei ndogo, na hapa Amu ukitaka kuuza ya laki nne utamuuzia nani? Mjomba wangu alivosikia bei aliuliza swali moja tu, "hiyo si injini ya boti?" Ndiyo mjomba, na injini watu wanaikodi.

Sisemi hakuna wa kuinunua. Msanifu anayekarabati nyumba za Shela ambaye mteja wake yuko Ulaya na anataka kutembea ndani ya chumba kabla hakijajengwa, huyo itamlipa kwa kazi moja. Mtu wa gemu za ndege mwenye kompyuta kubwa pia namuelewa, ingawa huyo hata hatataka ya Apple, atataka inayochomekwa kwenye kompyuta, kama Bigscreen Beyond ya gramu 127 ambayo usoni huisikii. Mimi siko kwenye hao.

Kwa hivyo nimemjibu binamu alete Quest 3. Nliwaza pia ile ndogo, 3S iliyotoka kwa dola 299, chipu ni ile ile, lakini lenzi ni za zamani na kingo zinafifia, na mimi macho yangu ndo yanayonisumbua, hiyo tofauti naikubali kuilipa. Alete pia mkanda wa kichwa wenye betri nyuma, manake ule wa kitambaa unaokuja nao ni wa kukuvunja shingo. Silikoni ya usoni mbili. Asitoe lebo wala kutupa risiti. Chaja inakubali umeme wetu, ni plagi tu ya pini bapa inataka adapta na hiyo ninayo. Gemu nitazishusha usiku wa manane bando likiwa rahisi, nyingine ni gigabaiti kumi na zaidi, na nshatafuta boksi la plastiki lenye mfuniko wa kubana na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavokuja kwenye viatu, nshamwambia kila mtu nyumbani asitupe.